Unga Mmoja, Sura Mbili

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, unga ulikuwa bado umekaa chini ya vyombo vyote sita. Vidonge vyenyewe vilikwisha kupasuka tangu dakika ya nne, kama ilivyotakiwa. Lakini kupasuka si kuyeyuka. Maji yalikuwa na nyuzi thelathini na saba, joto la tumbo la binadamu. Kasia dogo ndani ya kila chombo lilikuwa likizunguka mara hamsini kwa dakika. Na nusu saa ya kipimo ilikuwa imetimia. Kufikia hapo, dawa ilipaswa kuwa imeyeyuka majini asilimia themanini au zaidi. Mkemia alivuta maji kidogo kwa sindano, akayachuja, akayapeleka kwenye mashine. Asilimia arobaini na moja nukta tatu.

Hakumwambia mtu. Aliosha vyombo, akatia maji mapya, akachukua vidonge vingine sita kutoka kopo lingine la bechi ileile. Saa nne na nusu akapata jibu la pili: arobaini na mbili nukta moja.

Pale kiwandani walikuwapo watu waliofanya naye kazi mwaka wa tano sasa bila kulijua jina lake. Walimwita Desimali, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukata hesabu. Ukimwuliza saa, anakutajia na sekunde. Aliyelipenda jina hilo kuliko wote ni baba yake, fundi wa tanuri kubwa la kukaushia dawa katika jengo la pili, mwenye miaka thelathini na moja kazini na siku kumi na saba zilizobaki kabla ya kustaafu. "Mnamwita Desimali," alizoea kuwaambia wenzake kantini huku akijigonga kifua, "lakini nukta yake ni mimi. Bila nukta, desimali iko wapi?"

Bechi iliyoshindwa ilikuwa ya vidonge vya kifafa, dawa mpya kiwandani. Majaribio mawili ya mwanzo yalikaushwa katika tanuri dogo la maabara. Hii ya tatu ndiyo ya kwanza kuingia tanuri kubwa, na aliyeikausha alikuwa baba yake. Mkemia aliandika majibu yote mawili daftarini, kisha chini yake akaongeza mstari mmoja: "Fundi wa tanuri ni baba yangu mzazi." Akatia sahihi, akaenda kumwita mkuu wa maabara.

Mkuu wa maabara alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Madam na kila mtu, hata na mumewe, kwa mujibu wa mlinzi wa getini. Alisoma daftari akiwa amesimama.

"Umerudia?"

"Nimerudia. Maji mengine, vidonge vingine, kopo lingine."

"Na huu mstari wa chini?"

"Ni ukweli, kwa hiyo umeandikwa."

Madam alimtazama juu ya miwani, akainua simu.

Meneja wa uzalishaji alifika kabla simu haijapoa. Nyuma ya mgongo wake aliitwa Chapchap, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Aliingia na karatasi ya grafu ya tanuri, ile inayochorwa na kalamu kufuata joto la ndani, akiipunga kama bendera.

"Tatizo nalijua," alisema kabla hajavuka kizingiti. "Mzee kapandisha moto. Anataka kuwahi nyumbani, anapandisha moto, unga unaungua. Kwisha habari."

Madam aliikunjua karatasi juu ya meza. Mstari mwekundu ulikuwa umenyooka kama kamba ya mwashi, kwenye nyuzi sabini, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Grafu inasema sabini."

"Grafu! Yule kaishi na ile kalamu kuliko alivyoishi na mkewe. Anaibana kwa kibanio, yenyewe inaandika sabini, huku ndani ni tisini. Mwiteni hapa."

Fundi wa tanuri aliingia na koti lake jeupe la kazi, kofia ya nywele imeshuka hadi kwenye nyusi. Alimwamkia Madam, akampa meneja mkono, akamtazama binti yake mara moja tu.

"Mzee, ulipandisha moto?" Chapchap aliuliza.

"Moto upi, bosi? Mimi sina moto, nina joto. Moto uko jikoni."

"Usinifanyie mzaha."

"Mzaha niuweke wapi? Karatasi ya kazi ilisema sabini, nikaweka sabini. Si sheria yako mwenyewe? Umeibandika pale mlangoni kwa herufi za kuonekana barabarani: FUATA KARATASI. Nimeifuata kama kondoo."

"Kondoo hajui kubana kalamu."

Mkemia aliona kidole gumba cha baba yake kikisugua kifungo cha koti, mara nne, halafu kikaacha.

"Kikao ni kesho, saa kumi alasiri," Chapchap alisema. "Nikikosa maelezo mengine, naandika barua ya kumwachisha kazi kwa uzembe. Hatastaafu, atafukuzwa."

Kila mtu aliyekuwa mle ndani alijua maana yake. Kiwandani hapo barua ya kufukuzwa ilisomwa kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, uwanjani, kabla ya shifti ya asubuhi. Mtu aliyestaafu alipigiwa makofi uwanjani palepale. Miaka thelathini na moja ingefungwa kwa makofi au kwa neno moja, uzembe, na lililobaki kuamuliwa lilikuwa ni lipi kati ya hayo mawili.

Fundi wa tanuri alisema, lakini si kwa meneja. "Madam, naomba huyu binti asipime. Akipima, watasema kapika majibu. Mimi nimebakiza siku kumi na saba. Yeye kabakiza miaka thelathini."

"Nani mwingine hapa anaijua hadubini ya joto?" Madam aliuliza.

Hapakuwa na mwingine.

"Nifichie majina," mkemia alisema. "Sampuli utatia wewe kwenye mirija, namba utaandika wewe, orodha ukae nayo mfukoni. Mimi nitapima namba, sitampima baba."

Chapchap alicheka puani. "Haya, Desimali. Ila usituletee namba yenye mkia mrefu. Tunataka jibu la binadamu."

"Utapata lililopo," alijibu.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kemia yenyewe, na kilichukua dakika hamsini. Dawa ilikuwa safi kwa asilimia tisini na tisa nukta nane, sawasawa na ya bechi zilizofaulu. Kwa maana hiyo haikuungua. Kitu kilichoungua hubadilika kuwa kitu kingine, na hapa dawa ilikuwa ileile. Kama ilikuwa ileile na bado ilikataa kuyeyuka majini, basi tatizo halikuwa ni nini kilichomo, bali kilichomo kimejipangaje.

Hili mkemia alilijua kama anavyojua njia ya nyumbani. Unga wa dawa ile ulikuwa fuwele, chembe ngumu zilizojipanga zenyewe kwa safu, na matofali yaleyale yanaweza kujenga ukuta au kutandika sakafu. Katika sura ya kwanza, fuwele zilikuwa ndefu na nyembamba kama sindano. Katika sura ya pili zilikuwa bapa, kama vigae. Maabara iliziita Mgeni na Mwenyeji. Mgeni hajajishikiza sana. Akitiwa majini huachana upesi, na mgonjwa huipata dawa yake. Mwenyeji kajikita. Mgonjwa ammeze asubuhi, jioni atakuwa bado anajivuta tumboni, na kifafa hakimsubiri. Kinachomgeuza Mgeni kuwa Mwenyeji ni joto, na akishageuka harudi. Ubavuni mwa hadubini Madam alikuwa amebandika kipande cha karatasi: "Siku ya tatu mpe jembe." Ulikuwa mzaha wa maabara, mtu wa nje asingeucheka.

Mirija ilikuwa mitano, yenye unga wa bechi zote tatu. Mkemia aliichukua mmoja mmoja, akatandaza unga kidogo kwenye kioo, akauweka juu ya kibao kinachopashwa joto taratibu, jicho likiwa kwenye hadubini na mkono kwenye kitufe. Wanga unaoshikanisha kidonge aliutambua kwa uduara wake, akauacha. Namba moja: sindano tupu, zikayeyuka kwa joto kwenye nyuzi mia na ishirini na nane nukta nne. Namba mbili: sindano. Namba tatu ilimfanya ainue kichwa, asugue jicho, arudi. Sindano na vigae, pamoja, katika unga mmoja. Sindano ziliyeyuka kwenye mia na ishirini na nane nukta nne. Vigae vilisubiri hadi mia na thelathini na tisa nukta moja. Akahesabu fuwele mia mbili kwa kidude cha kubofya. Sindano themanini na tatu, vigae mia na kumi na saba. Namba nne: sindano. Namba tano: sindano na vigae, themanini na saba kwa mia na kumi na tatu.

Saa kumi na robo alimpa Madam karatasi. Madam alitoa orodha mfukoni, akailinganisha.

"Tatu na tano ni za baba yako. Makopo mawili tofauti."

"Basi amegeuka. Lakini amegeuka nusu. Zaidi ya nusu kidogo."

"Joto, basi. Chapchap kasema kweli?"

"Joto ndiyo. La tisini au la sabini, bado sijui. Kesho nitaoka."

Jioni ile, saa kumi na mbili na nusu, watatu walikaa mezani nyumbani: baba, mama na mkemia. Mkemia hakuwa ameolewa, na mama yake alikwisha kuchoka kulisema. Baba alikula vizuri. Mkemia aliyaona hayo, kwa kuwa alitazamia asile.

"Nimesikia sokoni," mama alisema. "Wanasema umeunguza dawa."

"Sokoni wanajua kuliko maabara," baba alijibu. "Muulize mwanao."

"Mwanangu, baba yako ameunguza dawa?"

"Haikuungua, mama. Hilo limethibitika na limeandikwa. Mengine siwezi kuyazungumza hapa."

"Hapa wapi? Hapa kwako?"

"Nikimuuliza kitu hapa, akanijibu, jibu lake halitakuwa na shahidi. Watasema tumepanga. Nitamuuliza kesho, mbele ya Madam."

Mama aliweka kijiko chini. "Hii nyumba imekuwa mahakama lini? Baba na binti wanasubiri kibali kuongea!"

"Mwache," baba alisema, na alikuwa akitabasamu kabisa, mtu ambaye keshokutwa huenda angetiwa aibu uwanjani. "Mwache, mama watoto. Mimi nilimsomesha ili anipikie chai? Chai napika mwenyewe."

"Chai yako nani anaweza kuinywa?"

Wakacheka wote watatu, na suala la bechi halikutajwa tena mezani.

Jumatano, saa moja kamili asubuhi, mkemia aliwasha matanuri mawili madogo ya maabara. Alikuwa amekanda unga wa dawa kwa uji wa wanga, akaupitisha kwenye chekeche upate kuwa chenga, akautandaza kwenye sinia mbili kwa unene uleule wa tanuri kubwa, sentimita mbili. Sinia moja aliiweka kwenye nyuzi tisini, nyingine kwenye sabini. Muda uliothibitishwa kwa dawa ile ulikuwa saa sita za kukausha. Kila saa moja alitoa kijiko kimoja kutoka kila sinia, akahesabu fuwele mia mbili.

Saa tatu za kwanza hazikumwonyesha kitu kipya. Chenga mbichi hazipati joto lote la tanuri. Maji yanayotoka huondoka nalo, kama jasho linavyompoza mtu juani. Tanuri laweza kuwa na sabini, na chenga zikawa na arobaini na tano. Ni pale maji yanapokwisha ndipo unga unapopanda na kulifikia joto la tanuri, na hapo ndipo saa ya Mgeni inapoanza kuhesabiwa.

Sinia ya tisini iligeuka mapema. Kufikia saa ya sita haikubaki sindano hata moja katika mia mbili, vigae vitupu. Hiyo haikufanana na bechi ya baba yake. Sinia ya sabini, saa ya sita, ilikuwa na sindano mia na tisini na saba: nzima, safi, ya kupeleka hospitali. Hiyo nayo haikufanana.

Mkemia alizima tanuri la tisini. La sabini, lililopaswa kuzimwa pia, aliliacha.

"Saa sita zimetimia," Madam alisema nyuma yake.

"Zimetimia. Lakini sina sindano themanini na tatu popote. Nataka kujua ziko wapi."

Saa ya saba: mia na arobaini na moja. Saa ya nane, ambayo kwa ukutani ilikuwa saa tisa alasiri: sindano sabini na tisa, vigae mia na ishirini na moja.

Alizihesabu mara ya pili kabla hajasema. Sabini na tisa.

"Nyuzi sabini," alimwambia Madam. "Hakupandisha kitu. Zilikaa muda mrefu."

Madam hakuwa mtu wa kushangilia. "Na kama alipandisha themanini, kwa saa sita? Haiwezi kuleta mchanganyiko kama huu?"

"Yaweza. Sikuipima. Matanuri ninayo mawili."

"Chapchap atauliza."

"Na mimi nitamjibu kwamba sijui." Kisha akaivuta ile karatasi ya grafu iliyokuwa imelala mezani tangu jana.

Watu wote walioishika karatasi ile walikuwa wametazama jambo moja: mstari umepanda hadi wapi. Hakuna aliyetazama umekwenda hadi wapi. Kalamu yaweza kubanwa, lakini karatasi yenyewe huvutwa na ngoma inayozungushwa na mtambo wa saa uliofungiwa ndani, na ngoma haibaniki. Ukiisimamisha, wino unatota mahali pamoja na kuacha doa. Hapakuwa na doa. Kila mraba ulikuwa nusu saa. Mkemia aliweka rula, akahesabu kwa ncha ya penseli kutoka kushoto. Kumi na sita.

"Saa nane," alisema. "Saa nane kamili ndani ya tanuri."

"Lakini daftari la baba yako linasema alitoa saa nane," Madam alisema. "Nimelisoma jana. Aliwasha saa mbili asubuhi, akatoa saa nane mchana. Hizo ni saa sita."

Walitazamana. Kisha wote wawili wakasimama.

Chumba cha tanuri kilikuwa na kelele ya feni na harufu ya wanga uliopashwa. Fundi alikuwa akifuta mlango wa chuma kwa kitambaa, ingawa ulikuwa safi.

"Baba, nakuuliza mbele ya Madam. Bechi ya kifafa ulizima tanuri ikiwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi jioni?"

"Asubuhi mtu anazima tanuri? Nimewasha saa mbili, nimezima saa kumi. Saa nane zangu hizo."

Madam alikuwa amelifungua daftari. Katika safu iliyoandikwa "Muda", fundi alikuwa ameandika: "Saa 8."

"Hapa umeandika saa nane."

"Ndiyo, Madam. Muda si huo? Ungetaka niandike nini, dakika?"

Mkemia hakulitazama daftari. Alikuwa akitazama kadi ya kazi iliyoning'inia kwenye msumari kando ya swichi, ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Mwaka ule maabara ilikuwa imeanza kuandika kadi zote kwa Kiswahili, ili fundi asihitaji mkalimani, na aliyeziandika ni yeye. Alikuwa amejivunia kazi ile. Maneno mafupi, herufi zinazosomeka. Kadi ilisema: "Nyuzi 70. Kausha hadi saa 8."

Alipoiandika, alijua tanuri huwashwa saa mbili asubuhi kila siku. Kwa hiyo hadi saa nane, saa nane ya mchana, ni saa sita. Neno ni moja, saa, na maana ni mbili. Yeye aliandika ya ukutani. Baba yake alisoma ya kuhesabu.

"Baba, hukuona ni ndefu mno?"

"Niliona. Saa nane mchana nilitia mkono kwenye sinia, mkono ukaniambia zimekauka. Nikarudi kwenye kadi, kadi ikaniambia bado." Alikunja kitambaa mara mbili. "Zamani ningeufuata mkono. Lakini sheria ni karatasi. Halafu mwandiko ni wako. Ningeanzaje kuusahihisha mwandiko wako?"

Mkemia aliitoa kadi msumarini, akaitia kwenye bahasha ya sampuli, akaandika juu yake tarehe, na saa: tisa na dakika thelathini na mbili alasiri.

"Sahihi ya pili kwenye kadi ni yangu," Madam alisema polepole. "Niliisoma mimi pia. Nikasoma saa nane mchana."

Kikao kilianza saa kumi kamili. Meza ilikuwa na watu wanne: Madam, Chapchap, fundi wa tanuri, na mkemia aliyesimama na karatasi tatu. Barua ya kufukuza ilikuwa tayari imechapwa, imelala mbele ya Chapchap, haijatiwa sahihi.

Mkemia alisoma bila kuinua sauti. Dawa haikuungua. Fuwele zimegeuka kwa kiasi cha nusu na zaidi. Nyuzi tisini kwa saa sita hazileti hali hiyo. Nyuzi sabini kwa saa nane zinaileta. Karatasi ya grafu ina miraba kumi na sita.

"Na themanini?" Chapchap alidakia. "Akiweka themanini kwa saa sita?"

"Sikupima. Sijui. Lakini karatasi haina saa sita, ina saa nane, na ngoma haibanwi na kibanio. Kwa themanini na saa nane, sitarajii sindano nyingi hivi, ila nalo hilo sijalipima, kwa hiyo halimo kwenye ripoti."

Chapchap alihesabu miraba mwenyewe, kwa kidole, akikosea mara moja na kuanza upya. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kumwona akifanya jambo mara mbili.

"Kumi na sita," alikubali. "Sasa ndiyo mbaya zaidi. Kwa nini aliacha saa nane?"

"Hilo ndilo la mwisho." Mkemia aliiweka kadi mezani. "Chanzo cha hitilafu ni sentensi ya kadi ya kazi: kausha hadi saa nane. Sentensi ina maana mbili. Fundi aliifuata kwa maana moja, kama sheria ya kiwanda inavyomtaka. Aliyeandika sentensi ni mkemia wa maabara. Mkemia huyo ni mimi."

Chapchap aliegemea kiti. "Haya makubwa! Kesi ya baba imehamia kwa binti. Familia yenu haiishiwi."

"Na kwangu mimi," Madam alisema. "Sahihi ya chini ni yangu. Zikiandikwa barua za onyo, ziandikwe mbili."

Fundi wa tanuri aliinua mkono, kama mwanafunzi. "Naomba arudie hapo pa mwisho."

"Baba, hapo ndipo penye kosa langu."

"Najua. Rudia."

Chapchap alifungua mdomo, Madam akamtazama, akaufunga. Mkemia alirudia, neno kwa neno. Baba yake alisikiliza akiwa amevua kofia na kuishika magotini.

"Bosi," alisema, "vikao hivi mimi nimevikalia tangu wewe uko shule. Kila siku tunamtafuta mkosaji, na mkosaji yuko hapahapa mezani anatusaidia kumtafuta. Leo kajitaja kabla hatujamwinda. Mwone vizuri." Alimwelekezea binti yake kidole, jambo ambalo kwa kawaida alilikataza nyumbani. "Huyo ni wangu mimi. Iandikeni na hiyo kwenye kumbukumbu za kikao."

"Hilo si suala la kikao, Mzee," Chapchap alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Liandike tu," Madam alisema.

Liliandikwa. Ni mstari wa tisa wa kumbukumbu: "Fundi wa tanuri amesema kwamba mkemia ni binti yake." Chini yake yakaandikwa maamuzi manne. Bechi iteketezwe. Kadi zote zitaje saa ya kuwasha, saa ya kuzima, na jumla ya saa za kukausha. Barua za onyo zitolewe kwa mkemia na kwa mkuu wa maabara. Barua ya kumfukuza fundi isitolewe. Chapchap aliichana vipande viwili, akaviweka kimoja juu ya kingine, akavichana tena.

Madam alitia sahihi kwanza, kisha Chapchap, kisha mkemia. Saa kumi na dakika arobaini na moja alasiri, fundi wa tanuri alitia sahihi yake chini ya sahihi ya binti yake, akavaa kofia, akarudi kazini.